Kutunza Mguu wa Boti kwa Misimu ya Kigoma: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Boti ya Matembezi

Vitabu vinavyokuja na boti za matembezi kutoka Marekani na Ulaya huweka matengenezo makubwa ya mwaka kati ya Septemba na Novemba, kwa sababu huko maji yakibaki ndani ya injini wakati wa baridi huganda na kupasua bloku. Mwenye boti wa Kigoma akiifuata kalenda hiyo kama ilivyo, atakuwa ameitoa boti majini kabla ya sikukuu za Desemba, wakati ndugu na wageni wanapotaka kutembezwa, na atakuwa ameikinga na barafu ambayo haitafika kamwe. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa kwenye nyuzi joto 24 hadi 29 hivi mwaka mzima. Kinachoharibu mguu wa boti huku, yaani sehemu ya gia na propela iliyo nje nyuma ya boti, ni nyuzi za nailoni za wavuvi, mchanga na tope la mito, jua kali, madini yaliyomo katika maji ya ziwa, na hasa kukaa miezi mingi bila kutumika huku oili chafu ikiwa bado ndani. Kwa hiyo ratiba ya matengenezo ipangwe kwa kufuata mambo hayo.

Mwongozo huu unahusu boti ambayo injini yake imekaa ndani, kwenye tezi (sehemu ya nyuma ya boti), na nguvu yake inapenya ubao wa tezi hadi kwenye mguu wa gia ulio nje. Mguu huo hugeuka kushoto na kulia badala ya ubao wa usukani ulio majini, na huinuliwa na kushushwa kwa jeki za haidroliki. Volvo Penta waliutoa mfumo huu sokoni mwaka 1959 na MerCruiser wakafuata miaka miwili baadaye, na hizo ndizo chapa mbili ninazozitolea mifano hapa. Mafundi wa ziwani wamezoea zaidi mashine za kufunga nyuma, ambazo huondolewa na kubebwa begani hadi gereji. Mguu wa injini ya ndani haubebeki hivyo, una mipira mitatu yenye mikunjo, na ule wa shafti au wa kebo ya gia ukipasuka boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa gatini bila mtu.

Wakati wa kufanya kazi hii

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kukoma mwanzoni mwa Mei. Kiangazi ndicho msimu wa wageni wa Gombe na Mahale, na ndicho pia msimu wa upepo wa kusi unaoinua mawimbi makubwa, hasa Juni hadi Agosti. Kwa maoni yangu boti ipandishwe nchi kavu mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ifanyiwe matengenezo yote wakati huohuo, ipumzike hadi katikati ya Mei, kisha irudi majini. Ukaguzi mdogo ufanyike Oktoba, baada ya kusi kutulia.

Wengi hupandisha boti, huifunika turubai, na kusema kazi itafanywa siku chache kabla ya kurudi majini. Utaratibu huo ni mbaya. Oili iliyotumika hubeba asidi na unyevu, na ikiachwa miezi mitatu juu ya beringi na meno ya gia, huyala polepole. Tena ukigundua Machi kwamba sili (pete ya mpira inayozuia maji na oili visivuje) imekufa, una muda wa kuagiza nyingine kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Ukigundua Mei, msimu umekwisha kukupita.

Safari ya mwisho kabla ya kupandisha

Weka dawa ya kuhifadhi petroli kwenye tangi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha endesha boti kwa robo saa au zaidi ili petroli yenye dawa ifike hadi kwenye kabureta au nozeli. Tangi lijazwe karibu lote, likiachiwa nafasi kidogo ya petroli kutanuka, kwa sababu nafasi kubwa ya hewa huleta jasho ndani ya tangi na jasho hilo hugeuka maji.

Wakati wa safari hiyo sikiliza mguu. Kata kona kali kushoto, kisha kulia, kwa mwendo wa wastani. Mngurumo au mlio wa kugongagonga unaoongezeka wakati wa kona hutoka kwenye jointi za shafti au kwenye beringi ya gimbali, yaani beringi kubwa inayobeba shafti pale inapopenya ubao wa tezi. Soma pia idadi ya mizunguko injini inapofunguliwa mafuta yote, uiandike. Ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kidogo kwa kimo hicho, kwa hiyo boti iliyonunuliwa Dar es Salaam ikaletwa na propela yake ileile inaweza kushindwa kufikia mizunguko inayotakiwa na kitabu. Dawa yake ni propela yenye mlalo mdogo zaidi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kila inchi moja inayopunguzwa huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika.

Kuosha na kumwaga maji

Boti ikiwa kwenye trela, vika mdomo wa maji wa mguu vikombe vya mpira vya kuoshea, fungua bomba la maji kwanza, ndipo uwashe injini. Iache ingurume taratibu, isizidi mizunguko 1,500, mpaka ipate moto. Usiwashe hata kwa sekunde chache bila maji, kwa kuwa impela ya pampu (gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji) hulainishwa na maji hayohayo.

Ukishaizima, mwaga maji yaliyomo ndani. Injini inayopozwa moja kwa moja na maji ya ziwa ina nati za kumwagia kwenye pande za bloku na chini ya manifoldi za moshi. Huko kwenye barafu nati hizi hufunguliwa ili injini isipasuke, na kwa sababu hiyo watu wa huku hudhani haziwahusu. Zinawahusu. Maji ya Tanganyika ni maji baridi, yaani si ya chumvi kama ya bahari, lakini yana madini mengi, na yana magadi ya kutosha kuacha ukoko mweupe ndani ya sufuria na ndani ya injini pia. Mvua ikinyesha, Mto Luiche na Malagarasi huleta tope jingi, na tope hilo hutulia chini kabisa mwa bloku. Ukifungua nati na maji yasitoke, usiifunge ukidhani hakuna kitu: ingiza waya mnene uchokonoe, mpaka tope jeusi litoke na maji yaanze kutiririka kwa nguvu. Fanya hivyo kila tundu.

Injini zenye rejeta yake ya ndani zenye kulanti zisimwagwe kila mwaka, ila kulanti ibadilishwe kwa muda uliowekwa na mtengenezaji. Usiweke maji matupu badala yake. Kulanti haizuii kuganda tu. Huzuia pia kutu, na kutu ipo Kigoma kama ilivyo kwingine.

Oili ya injini na petroli

Oili ya injini inyonywe ikiwa bado ya moto, kwa pampu ya mkono inayopitishwa kwenye bomba la stiki ya oili, kisha filta ibadilishwe na oili mpya ya boti ijazwe kwa kipimo cha kitabu. Oili chafu iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko na isimwagwe ufukweni wala kwenye mtaro. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na kinachoingia hukaa humo kwa muda mrefu sana. Mji wetu unakunywa maji hayo.

Filta ya kutenganisha maji na petroli ifunguliwe, na kilichomo kimiminwe kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi. Iache itulie nusu saa. Maji yatajikusanya chini, petroli juu, na mpaka wake utaonekana wazi. Boti inayojazwa petroli ya madumu njiani kuelekea kusini mwa ziwa mara nyingi itaonyesha maji na chembe za kutu. Matone machache si tatizo, lakini kama maji ni robo ya filta, tangi lenyewe lifunguliwe na kusafishwa, la sivyo filta mpya haitakusaidia.

Propela na uzi wa nailoni

Kabla hujagusa propela, toa ufunguo na uondoe waya wa betri. Weka kipande cha mbao kati ya jani la propela na bamba lililo juu yake ili isizunguke, kisha fungua nati. Propela ikitoka, toa pia ile washa nene (pete ya chuma) iliyo nyuma yake, na hapo umulike kwa tochi.

Usiku wa giza ziwa la Kigoma hujaa taa za wavuvi wa dagaa, na asubuhi vipande vya nyavu na mishipi huelea kila mahali. Uzi wa nailoni ukinaswa hujivingirisha kwenye shafti, hupata moto, na hujisokota hadi nyuma ya washa, ambako mtu aliye nje hauoni. Utaukuta umekuwa pete ngumu, ya rangi ya maziwa au ya kijani, imeshikamana na shafti mithili ya kucha. Ukate kwa kisu kidogo bila kukwaruza shafti. Nyuma yake kuna sili za mpira zinazozuia maji yasiingie kwenye gia. Ikiwa uzi umekwisha kuzifikia, zibadilishwe hata kama hazivuji bado. Sili ni ya bei ndogo, ilhali gia mpya za mguu zinaweza kuzidi thamani ya boti ya zamani. Kwa sababu hiyo nashauri propela ifunguliwe kila baada ya miezi miwili katika msimu wa safari, si mara moja kwa mwaka.

Kagua pia majani yenyewe. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yalifunika miti, kuta na nguzo zilizokuwa nchi kavu, na si vyote vinavyoonekana kutoka juu. Jani lililopinda kidogo tu hutikisa shafti na kuharibu sili na beringi polepole.

Oili ya gia

Oili hii ibadilishwe kila mwaka au kila baada ya saa 100 za kazi, lolote litakalotangulia. Aina yake isomwe kwenye kitabu cha mguu husika, isikisiwe: miguu ya MerCruiser hutumia oili ya gia ya boti, lakini baadhi ya miguu ya zamani ya Volvo Penta hutumia oili ya injini, na kuchanganya hizo mbili ni kosa la gharama kubwa.

Legeza nati ya chini kidogo tu, uweke kidole chini yake. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo ndiyo yatakayotangulia kutoka, na tone la kwanza litakujulisha hali ya mguu. Kisha fungua kabisa, fungua na nati ya juu ili hewa iingie, na uache oili itoke yote. Boti zenye kichupa cha oili ya gia kilichofungwa karibu na injini zitamwaga na kichupa hicho pia.

Itazame oili iliyotoka. Nyeusi au ya kahawia ni ya kawaida. Ya rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na mguu huo usijazwe oili mpya na kurudishwa majini kabla fundi hajaupima kwa presha ya hewa na kujua sili ipi inavuja. Futa sumaku ya nati kwa kitambaa cheupe: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini chembe zinazosikika kwa kidole ni meno ya gia au beringi inayovunjika.

Mguu ukiwa wima, jaza oili mpya kutoka chini kwenda juu kwa pampu yenye nyuzi zinazoingia kwenye tundu la chini. Ukijaza kutoka juu utafungia hewa ndani, na gia za juu zitabaki kavu. Pampu polepole mpaka oili safi isiyo na mapovu itoke tundu la juu. Funga nati ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga ya chini haraka; nati ya juu ikiwa imefungwa, kitakachomwagika ni kidogo tu. Washa za nati zote mbili ziwe mpya.

Kuutoa mguu

Hii ndiyo kazi ambayo wengi huikwepa, nami naiona kuwa ya lazima kila mwaka. Mguu una uzito unaozidi kilo 40, na mingine ni mizito zaidi, kwa hiyo uwepo winchi au watu wawili wenye nguvu pamoja na kigoda cha kuupokea. Kwa MerCruiser Alpha gia iwekwe mbele kabla ya kuutoa, kwa Bravo, aina nyingine ya mguu wa MerCruiser, iwe nyutro. Ondoa jeki za haidroliki kwenye mguu, fungua nati sita, uvute mguu moja kwa moja kuelekea nyuma bila kuupindisha.

Sasa zungusha jointi za shafti kwa mkono. Ziwe laini pande zote, bila kukwama wala kulegea. Ingiza vidole kwenye beringi ya gimbali uizungushe. Ikikwaruza kama ina mchanga, ibadilishwe. Pitisha kidole ndani ya mpira wa shafti: ukitoka na unyevu au kutu, mpira huo umetoboka hata kama macho hayaoni tundu.

Mipira yenyewe ikaguliwe kwa subira. Huo wa shafti, ule wa moshi na ule wa kebo ya gia yote ina mikunjo, na ufa huanzia ndani ya mkunjo, mahali palipofichika. Geuza pete ya gimbali (pete kubwa inayougeuza mguu kushoto na kulia) upande mmoja hadi mwisho, panua kila mkunjo kwa vidole gumba viwili, umulike. Jua la Kigoma huukausha mpira mapema, hivyo mimi nisingeuacha mpira wa shafti zaidi ya miaka miwili au mitatu, ukiwa mzima au haupo mzima.

Kabla ya kurudisha mguu, fimbo ya kulinganishia iingizwe kupitia beringi hadi kwenye injini. Ikiingia na kutoka kwa nguvu ya mikono miwili, injini imekaa sawa. Ikikataa, vishikizo vinavyoibeba injini virekebishwe, kwa sababu mpangilio mbaya hukata meno ya shafti. Paka meno hayo grisi, weka gasketi na oringi mpya, rudisha mguu, na ukaze nati kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa MerCruiser ni Nm 68. Malizia kwa kupiga grisi kwenye chuchu zote za kuingizia grisi.

Impela na anodi

Impela ya pampu ya maji ibadilishwe kila mwaka kwa boti inayoegesha kwenye fukwe za mchanga, kila miaka miwili kwa nyingine. Iko ndani ya mguu kwa Alpha, na mbele ya injini kwa Bravo na Volvo Penta nyingi. Ukikuta bawa moja limekatika, kitafute kipande chake kwenye mabomba, kwa sababu kitaziba njia ya maji.

Anodi ni vipande vya metali vinavyofungwa ili viliwe vyenyewe badala ya mguu. Boti iliyotoka baharini mara nyingi huja na anodi za zinki. Katika maji baridi zinki hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi, na hapo mguu wenyewe wa aluminiamu ndio unaoanza kuliwa. Kwa ziwa letu tumia anodi za aluminiamu au magnesiamu, zibadilishwe zikiliwa nusu, na zisipakwe rangi kamwe. Rangi ya kuzuia uoto yenye shaba isiguse mguu, kwani shaba na aluminiamu zikikutana majini, aluminiamu huliwa.

Tahadhari kuhusu vipuri vya gari

Injini nyingi za MerCruiser zimejengwa juu ya bloku za magari ya General Motors, na stata au altaneta ya gari huingia bila shida kwenye nafasi yake. Usiifunge. Vipuri vya umeme vya boti vimezibwa ili cheche isitoke nje. Vya gari havijazibwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti), na cheche moja inatosha kulipua boti pamoja na waliomo. Kwa sababu hiyohiyo feni ya kutoa mvuke iwashwe dakika nne nzima kabla ya kupiga stata, na pua yako ikague ngama kabla ya feni.

Kuihifadhi

Injini ikiwa inanguruma, maji ya bomba yakiwa wazi kama wakati wa kuosha, puliza oili ya kuhifadhi kwenye mdomo wa hewa kwa kufuata maelezo ya injini yako, kwa maana injini za nozeli zina utaratibu wao. Ndani ya mitungi ibaki ngozi nyembamba ya oili. Anayedharau hatua hii aikumbuke MV Liemba: Julai 1916 Wajerumani waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilifaa kutengenezwa, meli ikarudi kazini mwaka 1927.

Mguu uachwe umeshushwa chini kabisa, ili mipira isikae imevutwa miezi mitatu. Kizibo cha boti kitolewe, omo (sehemu ya mbele ya boti) iinuliwe, maji ya mvua yapate pa kutokea. Turubai liachie hewa pande zote. Betri iondolewe na kuchajiwa mara moja kila mwezi. Ikipimwa volti 12.4 au chini yake, isisubiri.

Kurudi majini Mei

Rudisha kizibo kabla ya jambo lolote lingine. Pima oili ya haidroliki ya jeki mguu ukiwa chini, kagua mkanda, klipu na mipira ya maji, jaribu pampu ya kutoa maji yaliyoingia ndani ya boti, na uhakikishe hati ya ukaguzi ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) na maboya ya kuokolea ni vya mwaka huu. Shusha boti majini bila kuifungua trela, ingia ndani na tochi, na utazame ubao wa tezi kwa dakika kumi, ukipapasa chini ya mipira kwa mkono mkavu. Ukitoka mkavu, washa.

Safari ya kwanza iwe fupi, ndani ya ghuba. Siku inayofuata, mguu ukiwa umepoa, pima tena oili ya gia, kwa sababu hewa iliyobaki wakati wa kujaza huwa imekwisha kupanda na kipimo huweza kushuka kidogo. Ongeza kilichopungua. Kikishuka mara ya pili, rudisha boti kwenye trela umwite fundi.